Mgeni, Wimbo na Jembe

Mwezi huu twataka kusema habari ya kuimba pamoja na watu waliokimbia makwao. Nasi twaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe, maana mwenye kupima kazi za wengine haifai aifiche ya kwake.

Katika sikukuu moja ya shule yetu tuliwaita wageni waliokimbia vita wakaja kukaa karibu nasi, tukawaomba waimbe wimbo mmoja wa kwao. Waliimba vizuri sana. Wazee walitikisa vichwa, akina mama walifuta machozi, na wakubwa waliokuja siku ile walipiga makofi. Kisha tukaendelea na mambo yetu: hotuba, zawadi za watoto, na chakula. Jioni bibi mmoja mzee katika wale waimbaji alipita mlangoni petu, akatuamkia, akauliza kwa upole, "Mwalimu, mlituita katika sikukuu, au mlituita katika wimbo?" Hatukuwa na jibu. Tulipofikiri tuliona ya kuwa viti vyao havikuwekwa, wala majina yao hayakusomwa, wala hapana aliyewaambia wakae wale. Tulikuwa tumewatumia kama mtu atumiavyo taa: ikisha kumwangazia, huizima akaiweka kando.

Tangu siku ile tumesoma na kusikiliza kwa bidii habari za kazi za namna hii zifanywazo katika nchi nyingine, hasa Ulaya, ambako watu hucheza opera pamoja na wakimbizi. Swali la bibi yule ndilo tutakalozipimia kazi hizo. Je, mkimbizi ameitwa katika sikukuu, au ameitwa katika wimbo tu?

Kwanza tuseme opera ni nini. Ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake, yote au karibu yote, huimbwa badala ya kusemwa, na wapiga mazeze, filimbi na matarumbeta hufuatana na waimbaji tangu mwanzo hata mwisho. Ilizaliwa Italia, mjini Florence, karibu na mwaka 1600, katika nyumba za mabwana wakubwa. Katika zile ambazo muziki wake umetufikia mzima, iliyo ya kale kuliko zote ni Euridice ya Jacopo Peri, iliyoimbwa mwaka huo wa 1600 katika sherehe za arusi ya Maria de' Medici na mfalme wa Ufaransa. Mwaka 1637 mjini Venice ilifunguliwa nyumba ya kwanza ambamo mtu ye yote aliyelipa kiingilio aliweza kuingia. Mlango ukafunguka kwa watazamaji. Lakini mwenye kuimba alikuwa bado ni fundi aliyefundishwa miaka mingi, na mtu wa kawaida kazi yake ilikuwa kutazama.

Opera ya watu wa mahali ni jaribio la kuugeuza utaratibu huo. Mafundi wachache huongoza, na watu wa mtaa, watoto na wazee, maskini, na siku hizi wakimbizi, huimba nao jukwaani. Jambo hili si geni sana kwetu. Kila Noeli watoto wetu huigiza kuzaliwa kwa Bwana, na kwaya huimba katikati. Nasi twajua ya kuwa Mtoto huyo mwenyewe alichukuliwa usiku akakimbizwa Misri. Basi hatuzitazami kazi hizi kama watu wa mbali.

Opera imeimba habari za watu waliohamishwa tangu zamani. Mashuhuri ni Nabucco ya Giuseppe Verdi, iliyochezwa mara ya kwanza mjini Milan tarehe 9 Machi 1842. Ni habari ya Nebukadreza na Wayahudi aliowachukua mateka hata Babeli. Katika sehemu ya tatu watumwa Waebrania huimba pamoja wimbo wa kuikumbuka nchi yao, na asili ya wimbo huo ni Zaburi ya 137. Mahali pengi katika wimbo huo sauti zote hufuata njia moja, kana kwamba taifa zima ni mtu mmoja anayeugua. Waitalia waliupenda mno, hata mwaka 1901, mwili wa Verdi ulipohamishwa kupelekwa kaburi lake la sasa, kwaya kubwa iliyoongozwa na Arturo Toscanini iliuimba mjini Milan.

Wimbo ule ni mzuri, wala hatusemi kinyume chake. Walakini mwenye kuifungua Zaburi yenyewe ataona jambo ambalo opera imeliacha. Opera yataja kinubi kilichotundikwa mtini, lakini haimtaji aliyeudai wimbo. Katika Zaburi wale waliowachukua mateka ndio wanaowaambia wawaimbie nyimbo za Sayuni, nao mateka wanajiuliza watawezaje. Zaburi ile si ya huzuni tu. Ni habari ya mwenye nguvu anayetaka kufurahishwa na wimbo wa yule aliyemvunjia nyumba. Mateka wa Verdi hutuimbia sisi tulioketi, nasi hutoka tumeburudika. Mateka wa Zaburi hutuuliza kwanza sisi ni nani hata tutake kuimbiwa.

Mwenye kutaka kuona ubaya wa wimbo unaodaiwa hivyo, na aiangalie opera ndogo ya watoto iitwayo Brundibár. Muziki wake ulitungwa na Hans Krása, Myahudi wa mji wa Prague, mwaka 1938, na maneno yaliandikwa na Adolf Hoffmeister. Mwaka huo huo wajumbe wa nchi 32 walikutana katika mji wa Evian, Ufaransa, washauriane habari za Wayahudi waliotaka kukimbia utawala wa Hitler, na karibu nchi zote zilitoa udhuru. Yafaa tulikumbuke jambo hilo. Watoto tutakaowataja hawakuwa wakimbizi, walikuwa wafungwa. Lakini wengi wangaliweza kuwa wakimbizi kama milango ingalifunguliwa.

Habari ya opera yenyewe ni nyepesi. Watoto wawili, Pepíček na Aninka, mama yao ni mgonjwa, na mganga amesema anywe maziwa. Hawana fedha. Waenda sokoni waimbe wapate senti, lakini mtu mmoja mkali, Brundibár, mpiga kinanda cha kuzungusha kwa mkono, awafunika kwa kelele zake na kuwafukuza. Ndipo shomoro, paka, mbwa na watoto wa mtaa wanapowasaidia. Wote waimba kwa umoja, watu watoa fedha, na Brundibár ashindwa.

Ilichezwa kwanza Prague mwaka 1942 katika nyumba ya watoto yatima wa Kiyahudi. Watoto wale, na Krása mwenyewe, walifungwa katika mji wa Terezín, na huko opera hii ikachezwa tena, mara ya kwanza tarehe 23 Septemba 1943. Ilichezwa mara 55. Mara kwa mara waimbaji wengine walipakiwa katika gari la moshi kupelekwa Auschwitz, na wengine walishika nafasi zao. Ela Weissberger, aliyecheza paka na ambaye alipona, alisimulia ya kuwa walipokuwa jukwaani waliruhusiwa kuivua ile nyota ya kitambaa ambayo Wayahudi walilazimishwa kuivaa. Kwa muda wa opera moja walikuwa watoto tu. Nao waliokuwa wakitazama, wafungwa kama wao, walimtambua Brundibár mara moja, wakajua jina lake la kweli ni nani.

Hata hapo twaona kazi njema, pengine iliyo njema kuliko zote tutakazozitaja. Waimbaji walijua wanaimba nini, na wasikilizaji walijua wanasikia nini. Lakini tarehe 23 Juni 1944 walikuja wajumbe wa Msalaba Mwekundu kuutazama mji ule, na wakuu wa gereza wakapaka nyumba rangi, wakapanda maua, wakawaonyesha wageni opera ya watoto. Wageni walisikia sauti nzuri, wakaenda zao. Sehemu ya opera hiyo ilitiwa pia katika filamu ya kudanganya ulimwengu. Tarehe 17 Oktoba 1944 Krása aliuawa Auschwitz, na watoto wengi walioimba waliuawa vile vile.

Wimbo ulikuwa ule ule, sauti zile zile, lakini siku ile ulifanywa pazia la kuficha mauti. Nasi twajifunza ya kuwa uzuri wa kuimba hautoshi kuihesabia haki kazi. Sharti tuulize ni nani aliyewaita waimbaji, na kwa faida ya nani. Hatulinganishi kosa letu la sikukuu na uovu ule, hayo hayalinganishiki. Twasema tu ya kuwa mtazamaji aweza kulia machozi ya kweli na asione lililo nyuma ya pazia, kama sisi tulivyolia na tusione kwamba hapakuwa na viti.

Sasa tuitazame kazi iliyojengwa kwa namna nyingine. Benjamin Britten, mtunzi Mwingereza, aliichukua habari ya Nuhu katika michezo ya kale ya mji wa Chester, akaifanya opera, akaiita Noye's Fludde, yaani Gharika ya Nuhu. Ilichezwa mara ya kwanza tarehe 18 Juni 1958 katika kanisa la Orford, mashariki mwa Uingereza. Mtunzi alitaka ichezwe kanisani au katika jumba kubwa, si katika nyumba ya michezo. Mafundi ni wachache: Nuhu, mkewe, Sauti ya Mungu, na baadhi ya wapigaji. Waliosalia karibu wote ni watoto. Wanyama waingiao safinani ni watoto, nao huimba maneno ya Kiyunani ya kumwomba Bwana rehema. Wenye tarumbeta ndogo huwatangulia. Wenye kengele za mkono hulia upinde wa mvua utokeapo. Na matone ya kwanza ya mvua hufanywa kwa vikombe vya chai vilivyotundikwa kwenye kamba, na watoto wavigonga kwa vijiko vya mti.

Wasomaji walio waalimu wataona mara moja hekima ya jambo hili. Mtoto asiyejua noti hata moja aweza kugonga kikombe. Lakini kazi aliyopewa si ya kumfurahisha tu. Asipogonga, mvua hainyeshi. Tena watu waliokuja kutazama hawaachwi kutazama. Mara tatu wote hukiinua kitabu cha nyimbo na kuimba, na katikati ya tufani wote huimba wimbo wa kuwaombea walioko baharini. Hapo hapana tena jukwaa na viti. Kanisa lote ni safina.

Twamsifu Britten kwa hayo. Ila twaona pengo moja. Mke wa Nuhu akataa kuingia safinani. Ataka kukaa na marafiki zake na mji wake, hata wanawe wambeba kwa nguvu, naye akampiga Nuhu kofi. Tangu zamani sehemu hiyo huchezwa ili watu wacheke. Sisi tulipoisoma karibu na nyumba za wageni wetu hatukuweza kucheka. Mama huyo hakuwa mpumbavu. Alikuwa anaacha jiko lake, na rafiki aliokunywa nao, ambao alijua hatawaona tena. Kama opera hii ikichezwa na watu waliobebwa hivyo kutoka makwao, twadhani wao ndio wangalimfundisha mwongozaji namna ya kuicheza sehemu ile. Na hiyo ndiyo faida ambayo mkimbizi huileta katika kazi ya zamani: huiona kwa macho ambayo mtunzi hakuwa nayo.

Jambo hilo lilionekana Ujerumani mwaka 2014. Mwimbaji Cornelia Lanz na wenzake walicheza Così fan tutte ya Mozart pamoja na wakimbizi wa Syria, na chama chao, Zuflucht Kultur, ambacho katika jina lake mna neno la Kijerumani la kimbilio, kikaendelea na kazi nyingine baada yake. Opera hii ilichezwa kwanza Vienna mwaka 1790. Vijana wawili maaskari wabishana na mzee mmoja kwamba wachumba wao ni waaminifu. Ili kuwajaribu wajifanya wameitwa vitani. Kundi la watu laimba kusifu maisha ya askari. Vijana waaga, kisha warudi wamevaa nguo za kigeni, na kila mmoja ambembeleza mchumba wa mwenzake. Vita ni ya uongo, na ugeni ni wa uongo. Yote ni mzaha wa watu walioshiba.

Sasa wawekeni katika kundi hilo watu wa Syria, ambako vita vya kweli vilianza mwaka 2011. Je, wimbo wa kusifu uaskari waweza kubaki mzaha? Kijana aliyejitia ndevu na kilemba ili aitwe mgeni ataonekanaje akisimama karibu na mgeni ambaye hawezi kuuvua ugeni wake jioni? Kwa hesabu yetu kuwaingiza watu hao katika opera hii kulikuwa ni kuijibu. Mozart aliuliza kama mapenzi ya wachumba ni ya kweli. Wakimbizi wanauliza kama sisi tunaotazama tunajua tofauti ya vita na mchezo.

Baadaye, mwaka 2015, chama hicho kilichukua Zaide, nayo ni ya Mozart, habari ya mateka katika nyumba ya sultani wanaojaribu kutoroka. Mozart hakuimaliza. Yeye achezaye Zaide analazimika kuutafuta mwisho mwenyewe, nasi twaona ya kuwa opera isiyokwisha yawafaa watu ambao safari yao haijakwisha. Mahali hapo mgeni aweza kupewa neno la kusema, si sauti ya kufuatisha tu.

Walakini kazi za namna hii zina udhaifu wao. Nyimbo za mtu mmoja mmoja katika Mozart ni ngumu. Haziwezi kuimbwa ila na mafundi. Basi mkimbizi hubaki katika kundi, na fundi hubaki mbele. Huenda hapana njia nyingine katika kazi ya kale. Lakini mwongozaji akumbuke ya kuwa kundi la watu wanaosimama nyuma wakiwa na nyuso za huzuni ni mapambo, hata nyuso hizo zikiwa za kweli.

Pengine kwa sababu hiyo wengine wametunga opera mpya. Mwaka 2022 Garsington Opera ya Uingereza ilicheza Dalia, muziki wa Roxanna Panufnik na maneno ya Jessica Duchen, nao mafundi waliimba pamoja na watoto na watu wazima wa mahali. Dalia ni msichana aliyekimbia vita vya Syria, akapokewa katika jamaa ya Kiingereza, na mchezo wa kriketi ukawa mlango wake wa kuingia katika maisha ya watu wa pale. Jambo la kusifiwa ni hili, kwamba Dalia ana jina, ana kitu akipendacho, na habari ni yake. Mwaka huo huo hesabu ya watu waliolazimishwa kuyaacha makazi yao ulimwenguni ilipita milioni 100. Hapana moyo uwezao kuichukua hesabu hiyo. Msichana mmoja mwenye mpira mkononi waweza kumchukua.

Lakini twauliza kwa heshima: kama asingaliujua mpira? Mara nyingi katika hadithi za namna hii mgeni hupendwa baada ya kuonyesha kipawa. Mtoto asiye na kipawa, aliyekaa kimya kwa miezi sita kwa sababu ya mambo aliyoyaona, yeye atapita mlango gani? Msamaria katika mfano wa Bwana hakumwuliza yule aliyejeruhiwa kama anajua kazi gani. Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi hulifahamu neno hili kama ukali, kwamba mgeni asikae bure. Sisi twalifahamu vingine. Siku mbili za kwanza mgeni hali kwa sababu ya ustadi wake. Hula kwa sababu ana njaa. Siku ya tatu hupewa jembe, na mwenye jembe ana sehemu katika shamba, ana haki ya kusema mahindi yapandwe wapi, wala hatazamwi tena. Jembe hutolewa siku ya tatu, si mlangoni. Anayelidai mlangoni ni mchoyo. Na asiyelitoa kabisa, ingawa anamlisha mgeni nyama kila siku na kumlilia, amemweka katika ugeni hata kufa.

Roxanna Panufnik mwenyewe ni binti wa mkimbizi. Baba yake, Andrzej Panufnik, alikuwa mtunzi mashuhuri wa Poland, naye alikimbilia Uingereza mwaka 1954. Tena wenzetu wa upande wa Arusha hawahitaji kuambiwa Wapolandi ni nani. Tangu mwaka 1942 walipokewa huko Tengeru, kama watu 5,000 hivi, wengi wao wanawake na watoto, waliokuwa wametolewa makwao na utawala wa Kirusi, wakapelekwa mbali kwenye baridi kali, kisha wakapitia Uajemi hata kufika kwetu. Walijenga kanisa na shule, wakalima, wakaimba nyimbo zao. Na makaburi ya wale ambao hawakuondoka yapo hata leo. Mambo haya yatuzuia tusidhani ya kuwa ukimbizi ni wa watu wa namna moja. Mwenyeji wa leo ni mgeni wa kesho.

Basi, kwa mawazo yetu, anayetaka kuimba pamoja na wakimbizi, ama katika opera ya Ulaya, ama katika mchezo wa Noeli kijijini, na ajiulize maneno matatu. Kwanza, ni nani anayeutaka wimbo huu, wao au sisi? Pili, wana sehemu gani katika kuutunga na kuuchagua, hata waweze kukataa pia? Tatu, makofi yakiisha, wanaketi wapi? Brundibár ya wafungwa wenyewe yashinda katika neno la kwanza, na ile ya wageni wa Juni 1944 yaanguka. Gharika ya Nuhu yashinda katika la pili kwa vikombe vyake. La tatu halijibiwi na opera yo yote. Hujibiwa na watu, siku ya pili yake, wakikutana kisimani.

Nasi tulikwenda kumjibu yule bibi, ingawa tulichelewa. Tulimwomba radhi. Kisha tukamwuliza maana ya wimbo walioimba siku ile, jambo ambalo hatukuwa tumeliuliza. Akatazama chini, akasema, "Ule ni wimbo wa maziko, mwalimu. Mlitaka wimbo wa kwetu, na ndio uliokuwa kinywani mwetu." Basi wakubwa wetu walikuwa wamepiga makofi msibani.

Mwaka huu tumekubaliana naye ya kuwa mchezo wa Noeli hautakwisha penye hori. Utaendelea mpaka njia ya Misri, na sehemu hiyo wageni ndio wataitengeneza, maneno na nyimbo, nao watachagua watoto gani wacheze, wa kwao na wa kwetu. Sisi tutashika taa na kuwafundisha watoto kutamka. Tulimwuliza kama watautia wimbo wa maziko. Akasema la, njiani mtu haimbi maziko, huimba wimbo wa kutembea, mtoto asilie. Ameanza kuwafundisha. Wimbo huo una sehemu ya kuitikiwa, na watoto wetu wanakosea bado, naye huwarudisha mwanzo bila huruma.

Hatujui kama mchezo utafaulu. Viti tumekwisha kuvihesabu. Wasomaji wenye kujua habari za kazi kama hizi, au wenye kuona tumekosea katika hukumu yetu, na waandike.